Asubuhi Moja kwa Seva ya Likwela

Ruhuwiko, Songea
3 Machi 2025

Kwako mla mbwa, mtani wangu Leo Kalinga,

Naamini barua hii itakukuta hai, maana huku hatujasikia msiba kutoka Iringa, na siku ukifa wewe Mhehe, sisi Wangoni ndio wa kwanza kuitwa kuja kukalia kaburi lako na kudai kuku kabla hujafukiwa. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima, anakusalimia na kuuliza kama pombe ya ulanzi ya msimu huu imeshaanza kukupoteza njia ya kwenda kazini. Barua anakuletea Iddi, dereva wetu, anayekuja huko na sampuli za maabara. Mkaribishe vizuri, ila usimpe nyama iliyokuwa inabweka.

Ningeweza kukupigia simu, lakini utani wa kwenye simu unapotea. Wa kwenye karatasi nitausoma hata nikiwa kibogoyo.

Nikupe kwanza habari za mtoto wetu. Ile seva tuliyoifunga pamoja hapa Hospitali ya Likwela, wewe ukishika bisibisi na mimi nikishika akili, inaingia mwaka wa tatu na haijawahi kulala hata siku moja. Umeme wa hapa unakatika upendavyo, betri zinaibeba. Mafaili ya wagonjwa wote wa Likwela, majibu ya maabara, dawa, yote yamo humo. Najivuna, na sitaki uniambie nipunguze. Ukipita mtaa wa Mfaranyaki ukauliza nani anaendesha kompyuta za Likwela, wanakuonesha mpaka mlango wa kwetu.

Sasa sikia balaa. Tumepata Katibu mpya wa hospitali, Bwana Derick Rweyemamu, katoka Bukoba, mtu nadhifu, nadhani hata soksi anazipiga pasi. Mwezi uliopita aliingia chumbani kwangu akaangalia skrini, akaona kumbukumbu ya mashine imejaa, iliyo wazi ni kidogo mno. Akaniuliza mbona imejaa. Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa kuwa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu.

Wewe unayajua. Mashine za ukoo wa Unix, kama hii yetu, hazipendi nafasi ikae bure. Pamela wa dirisha la mapokezi akifungua faili la mgonjwa, mfumo unalitoa kwenye diski, ambayo ni ya polepole, halafu unabaki nalo kwenye kumbukumbu, ili likihitajika tena maabara au duka la dawa lipatikane hapo hapo. Programu ikitaka nafasi, mfumo unaachia mafaili hayo bila kupoteza hata herufi, maana asili yake iko kwenye diski. Kumbukumbu inaonekana imejaa, lakini imejaa vitu vya kuondoka vikiombwa. Seva yenye kumbukumbu tupu ni seva inayokaa bure.

Katibu hakuridhika. Akaita kampuni moja ya Dar, nao wakaweka amri ya kufagia kumbukumbu yote kila saa. Skrini sasa inapendeza, nafasi tele. Na dirishani kwa Pamela foleni imefika getini, kwa sababu kila saa mashine inaanza upya kuchota kila kitu kwenye diski. Katibu akiona foleni anasema seva imezeeka. Bodi imekubali: baada ya Pasaka seva inazimwa, mafaili yote yanakwenda kwa hao wa kampuni, na chumba changu kinakuwa stoo ya magodoro. Na mimi ninakuwa sijui nani.

Mtani, njoo unizike. Ila kabla hujanizika mwandikie Katibu, wewe ndiye uliyeileta ile seva kutoka Iringa, atakusikiliza.

Mngoni mwenye akili zake,
Theodosia Komba


Iringa
11 Machi 2025

Kwako mla panya, Theodosia binti Komba,

Kamwene! Nimeisoma barua yako kantini nikacheka hadi wenzangu wakadhani nimepaliwa. Kumbe Wangoni nao wanatunga hadithi siku hizi! Seva ifagiwe kumbukumbu kila saa! Mama yangu shambani, ambaye hajawahi kushika hata redio, hawezi kuamini kwamba kuna fundi anafanya hivyo halafu anasimama dirishani kushangaa foleni. Hiyo umeitunga ukiwa umeshiba ugali na panya wawili wa kukaanga. Nakupa hongera, umetunga vizuri.

Na hilo la stoo ya magodoro limenimaliza kabisa. Nimekuona umelala juu ya magodoro, seva kifuani, ukiimba nyimbo za jeshi la babu zako, wale waliokimbia walipotuona sisi kwa mbali.

Usiwe na wasiwasi, kukuzika nitakuja. Hiyo ni haki yangu na hakuna wa kuninyima. Andaa jogoo mkubwa. Nitalala mlalo wa kuziba kaburi, wasiweze kukuingiza mpaka nilipwe, na wakinilipa kidogo nitalala tena.

Kwa Katibu wako huyo wa kwenye hadithi siandiki kitu, maana nitaanzaje? Mpe salamu pamoja na soksi zake.

Mimi niliyekufundisha kushika bisibisi,
Leo Kalinga


Songea
20 Machi 2025

Ndugu Leo Kalinga,

Salamu. Barua yako ya tarehe 11 Machi nimeipokea na kuisoma. Nakushukuru kwa muda wako.

Kuhusu suala nililokuandikia, naomba usijisumbue nalo tena.

Nakutakia afya njema wewe na familia yako, na mafanikio katika kazi.

Theodosia Komba


Iringa
27 Machi 2025

Theodosia,

Nani amekufa?

Umeniita Ndugu. Tangu tufahamiane umeniita mla mbwa, mlevi, mtoto wa waliokimbia, na siku ile niliyoangusha kebo mguuni uliniita kitu ambacho siwezi kukiandika kwenye karatasi. Zote hizo nilizipokea kwa raha. Hili la Ndugu nimelisoma nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Mke wangu, ambaye ni Mhehe kama mimi na anajua kwamba mtani akikutendea heshima ujue umemkosea, ameniambia kwa ufupi kwamba nimefanya ujinga.

Nilimsubiri Iddi, nikamkalisha, nikamuuliza moja baada ya jingine. Kumbe yote ni kweli. Amri ya kufagia ni kweli, foleni ni kweli, stoo ya magodoro ni kweli. Nisamehe. Jambo lenyewe lilikuwa la kipuuzi mno nikaona haliwezi kuwa la kweli, na wewe ulilivalisha utani juu mpaka chini. Sisi watani tuna tatizo hilo, tukilia watu wanapiga makofi.

Sasa nikuambie na upande wako, na hapa sitanii. Iddi kaniambia Katibu alikuja chumbani kwako zaidi ya mara moja kuuliza kwa nini kumbukumbu imejaa, na kila mara ulimjibu kwamba ni mambo ya kitaalamu. Theodosia, mimi uliniandikia maelezo ambayo hata mgeni angeyaelewa. Yeye ulimpa mlango uliofungwa. Yule mtu amepewa hospitali nzima aitunze, anaona skrini inamwambia nafasi imekwisha, anauliza, hajibiwi. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungeita kampuni, na wewe.

Unajua kazi kuliko sisi wote tulioanza pamoja. Najivuna kusema nilifunga seva na wewe, na huwa nasema hivyo hapa Iringa mpaka wananichoka. Lakini ujuzi wako umeufanya kama chumba cha mwali, hakuna ruhusa kuchungulia. Nenda kamweleze kama ulivyonieleza mimi.

Na uniambie ni tarehe gani wanakuja kuizima.

Leo


Ruhuwiko, Songea
8 Aprili 2025

Kwako Leo,

Nilikasirika siku kadhaa. Sikutaka kukujibu. Mama akaniuliza kwa nini nasonga ugali kama ninampiga mtu, nikamweleza, akasema huyo Mhehe wako ana akili kuliko nilivyodhani. Hiyo ilinikera zaidi.

Nikaenda kwa Katibu. Nilimkuta anakunywa chai, nikamwambia nimekuja kujibu lile swali lake la mwezi wa pili. Akanionesha kiti. Nikamweleza kwa kutumia chumba cha wageni cha nyumbani kwetu. Mwaka mzima hakina mgeni, kwa hiyo Mama anatandaza humo maharage yake, na anaweka magunia ya unga, maana kiko karibu na jiko, ili asitoke nje kwenda ghalani kila anapotaka kupika. Mgeni akibisha hodi, maharage yanazolewa, kitanda kinatandikwa, na mgeni hajui kama kulikuwa na maharage. Nikamwambia kumbukumbu ya seva ni hivyo. Wale wa kampuni wanachofanya ni kuingia kila saa na kutupa magunia yote ghalani, halafu wanakuonesha chumba kilivyo safi, na Mama anatembea kwenye mvua kufuata unga.

Aliweka kikombe chini. Akauliza swali zuri, nikiri: akauliza wageni wakija wengi kuliko vyumba, inakuwaje? Nikamwambia kuna sehemu ya diski inaitwa swapu, ni kama banda la nje, mfumo unapeleka huko vitu vilivyolala ambavyo hakuna anayevigusa. Banda si baya. Baya ni mfumo ukiwa na papara ya kupeleka vitu huko, kisha vinahitajika tena sasa hivi, kazi yake ikawa ni kwenda na kurudi bandani. Kuna namba ya kupunguza papara hiyo, na ya seva yetu haijawahi kuguswa tangu itoke dukani.

Akasema, Leo, na maneno haya nayaandika kama alivyoyatamka: "Theodosia, ungeniambia haya mwezi wa pili nisingesaini. Sasa nimesaini, bodi imepitisha, na mimi bado nimesikia tu, sijaona kwa macho yangu."

Hakunikejeli. Afadhali angenikejeli.

Ninachojua ni hiki. Nikipewa asubuhi moja tu, Jumatatu yenye watu wengi, nawaonesha. Ningeondoa ile amri ya kufagia. Ningepunguza papara ya swapu bila kuizima. Na ningeshughulika na kitu ambacho hata hao wa kampuni hawajakiona: ile programu ya kunakili mafaili ya akiba inaanza alfajiri, inapitia mafaili ya miaka yote, inayajaza kwenye kumbukumbu ingawa hakuna atakayeyaomba, na yale ambayo Pamela atayahitaji dirisha likifunguliwa yanakuwa yamesukumwa nje. Hilo ni kosa la zamani la mpangilio wetu, lilikuwepo hata kabla ya Katibu. Ningeisogeza iwe jioni baada ya madirisha kufungwa, niiagize isiache mizigo yake nyuma, kisha asubuhi niisomeshe seva orodha za wagonjwa wa siku hiyo kabla hawajafika. Asubuhi moja. Lakini asubuhi hiyo hakuna wa kunipa, mkataba unasema wao ndio wenye mashine sasa.

Wanakuja kuizima Jumatatu tarehe 28 Aprili.

Usije. Nakujua. Sitaki Mhehe aje kunisemea nyumbani kwetu, watu waseme Theodosia ameokolewa na fundi kutoka Iringa. Kama nitaondoka, nitaondoka nimesimama. Pasaka njema.

Theodosia


HOSPITALI YA LIKWELA
Ofisi ya Katibu
Songea
28 Aprili 2025

Bwana Leo Kalinga,
Fundi wa Mifumo,
Iringa.

YAH: KULALA MBELE YA MLANGO WA CHUMBA CHA SEVA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Leo asubuhi, mafundi wa kampuni walipofika wakiwa na maboksi ya kubebea seva, walikukuta umelala chini kwenye mkeka, umeziba mlango wote, umejifunika koti la mvua. Ulipoulizwa wewe ni nani ulijibu kwamba wewe ni mtani wa marehemu. Ulipoulizwa marehemu ni nani ulionesha seva kwa mguu.

Niliwaagiza walinzi wakuondoe. Walinzi wote wawili, ambao nimearifiwa kuwa ni Wangoni, walikataa kukugusa wakidai kwamba uko kwenye haki yako na kwamba mtani aliyelala msibani hanyanyuliwi kwa mikono, ananyanyuliwa kwa malipo. Mmoja wao alikwenda kukutafutia mto.

Wafanyakazi na wagonjwa walikusanyika. Ulidai jogoo. Mama wa kantini alileta jogoo. Ulimkataa ukisema amekonda na ni dharau kwa marehemu, ila hukumrudisha. Wakati huo Mwenyekiti wa Bodi, Sista Walburga, aliteremka kutoka ofisini, akakuona, akacheka mpaka akashikiliwa. Kisha aliniambia mbele ya watu kwamba kwa desturi za hapa hatuna namna, ni lazima tukulipe, na akakuuliza unataka nini.

Ulisema unataka asubuhi moja. Hukueleza sababu yoyote ya kitaalamu, ingawa nilikuuliza.

Bodi ilikaa kwa dharura na kuamua kwamba seva isizimwe hadi Jumatatu tarehe 5 Mei, na kwamba kuanzia mkesha wa siku hiyo Bi. Theodosia Komba aachiwe kuipanga anavyoona yeye, bila kuingiliwa na mtu yeyote, nikiwemo mimi. Kampuni imekubali kusubiri kwa shingo upande. Dirisha la mapokezi likishindwa siku hiyo, seva itaondolewa siku inayofuata na suala hili halitajadiliwa tena.

Kwa kuwa mimi si mwenyeji wa huku, naomba maelezo yako kwa maandishi kuhusu desturi hii, ili nijue ni watu wa makabila gani wengine ninaopaswa kuwatarajia milangoni.

Nakutakia kazi njema.

Derick Rweyemamu
Katibu wa Hospitali

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi


Iringa
2 Mei 2025

Theodosia,

Nilipita mbele yako koridoni hukunisalimia. Nimelistahili. Uliniambia nisije, nikaja.

Ila nisikilize. Sikukusemea. Uliza mtu yeyote aliyekuwepo. Sikutaja kumbukumbu, wala swapu, wala diski, ingawa Katibu aliinama kabisa akaniuliza mara mbili na mimi kutoka pale sakafuni sikuona kitu ila viatu vyake, ambavyo ni kweli vinang'aa sana. Ningeanza kueleza, kesho yake wangesema Mhehe ndiye aliyeijua mashine. Mimi nilikuja kufanya kazi ya mtani, kulala chini na kuwa msumbufu mpaka wenye msiba wasikilize. Kazi ya fundi ni yako, na nimekuachia yote.

Ndiyo maana pia nilipanda basi la mchana huo huo. Mama yako alitaka nilale, alikuwa ameshaanza kuzoa maharage kwenye chumba cha wageni. Nikamwambia nikibaki hata hadi kesho, sifa itagawanywa. Alinielewa haraka kuliko wewe utakavyonielewa.

Neno moja tu la kazi na sirudii. Ukifika Jumatatu utakuwa na hasira ya kuonesha, na hasira hiyo itakushawishi kuizima swapu kabisa ili uone mwendo mkubwa zaidi. Usiizime. Watu wakizidi na hakuna pa kupeleka vilivyolala, mfumo utaua programu iliyo kubwa kuliko zote, na unaijua ni ipi, ile ya mafaili ya wagonjwa. Acha banda lako wazi, hata kama hutalitumia.

Kwa Katibu nimeandika maelezo. Nimemwambia awe tayari kwa Wabena.

Jogoo alikuwa mtamu, japo alikuwa amekonda.

Leo


Hospitali ya Likwela, Songea
Jumatatu, 5 Mei 2025

Leo,

Nakuandikia nikiwa bado kazini, kabla moyo haujatulia, maana ukitulia nitaanza kuandika kwa adabu.

Swapu sikuizima. Nilikuwa nimeshapeleka mkono, nikakumbuka barua yako, nikaurudisha. Hayo ndiyo yako ya leo. Mengine yote ni yangu.

Nilifika kabla ya Pamela. Amri ya kufagia niliitoa tangu jana, unakili wa akiba ulifanyika jana jioni na haukuacha mzigo, papara ya swapu nimeishusha. Nikaisomesha seva orodha za wagonjwa wa kliniki ya leo. Katibu akaja na kikombe cha chai, akasimama nyuma yangu, na kadiri dakika zilivyokwenda tukaona kumbukumbu inajaa, inajaa, mpaka iliyo wazi ikabaki kiduchu kama ile siku ya kwanza. Nilimsikia anavuta pumzi. Hakuniingilia, nampa heshima yake kwa hilo. Nikamwonesha safu nyingine pembeni, ile inayosema ni kiasi gani kinapatikana mtu akibisha hodi, akaona kwamba ni zaidi ya nusu ya yote. Akasoma mara mbili. Akauliza kwa nini hii haikuandikwa juu kwa maandishi makubwa. Nikamwambia hilo nami nimejiuliza.

Tukaenda dirishani. Pamela aliandika namba ya bibi mmoja kutoka Hanga, na faili likawa limefunguka kabla hajaondoa kidole. Akaniangalia. Akaandika ya mtu mwingine, vile vile. Wiki zote hizi amekuwa akibonyeza kisha anashika tama, na wagonjwa wanamtazama kana kwamba kosa ni lake. Leo alisahau hata kunisalimia, aliita tu: wa pili, anayefuata, anayefuata. Maabara wakapiga simu kuuliza kama kuna kitu kimeharibika, maana majibu yanafika upesi mno. Nikawaambia zoeeni.

Hapo Katibu akaenda kwenye kikao chake wodini, na mimi nikarudi chumbani kuangalia skrini. Swapu haikuguswa. Diski ilikuwa imetulia, taa yake inawaka mara moja moja tu. Nilikaa nikaitazama taa ile, nikawa natabasamu peke yangu.

Sasa sikia. Muda wa chai ya saa nne namsikia Katibu anakuja koridoni anakimbia. Nimeshtuka, kwa sababu yule mtu hakimbii. Uso umempauka. Akasema, "Theodosia, wagonjwa hawakuja. Nimepita mapokezi, benchi ni tupu, geti ni tupu. Wamesikia habari za mashine wameogopa, wameenda kwingine." Alikuwa ameshamtuma mlinzi barabarani akaulize watu wamekwenda wapi. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba alikuwa anataka nishinde, na niliona aibu kidogo kwa yote niliyowahi kumfikiria.

Nilimpeleka kwa Pamela. Pamela alikuwa anakula andazi. Akaulizwa wamekuja wangapi leo, akageuza skrini ili Katibu asome mwenyewe. Wamekuja wengi kuliko Jumatatu iliyopita kufikia saa hiyo, kwa mbali. Wamefunguliwa mafaili, wamemuona daktari, wamepimwa, wamechukua dawa, wameondoka. Mlinzi naye akarudi akasema amewakuta barabarani wanasubiri magari ya kwao, wana dawa mikononi, na mmoja amemuuliza kama leo ni sikukuu, mbona hakuna foleni.

Katibu akaketi kwenye benchi lile la mapokezi. Akapitisha kiganja juu ya mbao. Akasema, "Tangu nifike Likwela sijawahi kuziona mbao za benchi hili." Kisha akatoa simu akawapigia wale wa kampuni, hapo hapo, mbele yangu na Pamela, akawaambia wasije kesho wala siku nyingine, na kwamba atawaandikia rasmi. Akampigia Sista Walburga. Akaniambia chumba changu kinabaki chumba changu, na kwamba kuanzia wiki ijayo niwe nakaa na wakuu wa idara zote niwaeleze mashine inavyofanya kazi, na nianze na yeye, na nianze na maharage.

Kwenye mlango wangu ameshabandika tangazo lenye mhuri. Linasema kumbukumbu ya seva ikionekana imejaa, mtu yeyote asiguse kitu. Ikionekana tupu, aitwe Theodosia Komba haraka. Nimelisoma kila nilipopita. Nimepita mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Leo, nimejivuna leo kuliko siku ile tulipoiwasha kwa mara ya kwanza. Siku ile ilikuwa mashine mpya, hata asiyejua kitu angeifanya ikimbie. Leo ni ile ile mashine, diski zile zile walizosema zimezeeka, na sikuongeza hata msumari. Nilijua tu ilikuwa inafanya nini, na safari hii nilimweleza mtu.

Katibu alipoondoka nami nilikwenda kukaa kwenye lile benchi, peke yangu, mikono mapajani. Sijui nilikaa kwa muda gani. Mlinzi akapita, akarudi, akasimama mbele yangu akaniuliza, "Dada Theodosia, unasubiri huduma gani?"

Nikamwambia sisubiri kitu, naangalia kazi yangu.

Theodosia Komba